Mzazi kaanza kusahau: kipimo cha damu, maji ya mgongo au PET, uanze na kipi?

Binamu yangu wa Muheza kanitumia voisi ya dakika nne, salamu sekunde kumi, zilizobaki zote ni shangazi. Shangazi anarudia stori ileile mara tatu kabla chai haijapoa, uji kautia chumvi mara mbili, juzi kaenda sokoni karudishwa na kijana wa bodaboda maana njia imempotea, njia ambayo kaipita miaka arobaini. Mwisho wa voisi ndo akatoa hoja yake: "Dada, si nasikia huko Marekani siku hizi wanapima damu tu wanajua kama ni Alzheimer, ule ugonjwa wa ubongo wa kusahau? Kuna mtu anasafiri mwezi ujao, nimpe damu ya mama kwenye chupa ya chai aje nayo?"

Nilicheka kwanza. Alafu nikaona swali lenyewe halichekeshi, maana wengi wananiuliza hilohilo ila wao hawana chupa ya chai. Mi nafanya kazi maabara ya hospitali huku Minnesota, hizi damu zinapita mkononi mwangu, sio daktari na simwandikii mtu dawa, lakini naona kipi kinaharibika wapi na nani analipishwa nini. Kwaiyo nitaviweka vipimo vitatu pembeni kwa pembeni, PET (picha ya ubongo kwa dawa ya mionzi), maji ya mgongo na damu, alafu kuna cha nne ambacho watu hawakitaji kabisa na mi nakipenda kuliko vyote.

Kwanza tuelewane vinatafuta nini. Vinatafuta uchafu wa aina mbili kwenye ubongo, kimoja au vyote viwili, amiloidi inayojikusanya kama madoa nje ya seli, na tau inayojisokota ndani ya seli. Alois Alzheimer alipousimulia ugonjwa huu kwa mara ya kwanza mwaka 1906 kule Ujerumani alikuwa ameuona ubongo wa mgonjwa wake, Auguste Deter, chini ya darubini, na mgonjwa alishafariki. Karibu miaka mia baada ya hapo hali ikawa hiyohiyo, uhakika unaupata mtu akishakufa, akiwa hai daktari anakisia tu. Picha za kwanza za amiloidi kwa mtu mzima mzima anayepumua zilitangazwa 2004. Sasa tuko kwenye damu. Ni mwendo mkubwa huo, ila usikimbilie mstari wa mwisho bila kuangalia unatoka wapi.

PET: picha nzuri, bei ya kiwanja

PET ya amiloidi unachomwa sindano yenye dawa ya mionzi inayonata kwenye amiloidi, mfano florbetapiri ambayo Marekani iliipitisha 2012. Unasubiri kama nusu saa mpaka dakika hamsini, unalala kwenye mashine dakika kumi hivi, basi. Hamna maumivu. Picha inaonyesha amiloidi iko au haiko, na wapi, na hapo ndo uzuri wake, unaona kwa macho.

Kasoro yake ni vifaa. Florini-18 iliyomo kwenye hiyo dawa nguvu yake inapungua nusu kila baada ya dakika 110, kwaiyo huwezi kuiagiza ikakaa stoo kama panadoli, lazima itengenezwe karibu na ikimbizwe siku hiyohiyo. Mgonjwa akichelewa kwa foleni ya barabarani dozi imekufa na bili ipo. Huku bei inakwenda maelfu ya dola, na mpaka Oktoba 2023 bima ya serikali ya wazee, Medicare, ilikuwa inalipia PET ya amiloidi mara moja tu maisha yote na ndani ya utafiti maalumu, ndo wakalegeza. Nairobi mashine za PET zipo, ila kazi yake kubwa ni saratani, na mashine kuwepo sio sawa na dawa ya amiloidi kuwepo, watu wanachanganya hapo. Ukiambiwa "PET ipo" uliza "ya amiloidi mnayo?", swali moja tu linakuokolea nauli.

Maji ya mgongo: yanaogopwa kuliko yanavyostahili

Hapa nitakaa kidogo maana uswahilini kwetu hili limebeba hadithi nyingi. "Ukitobolewa mgongo unapooza." Nimelisikia Tanga, nimelisikia kwa Wakongo wa hapa mtaani, nimelisikia hata kwa mtu aliyesoma. Sasa sikia, uti wenyewe wa mgongo kwa mtu mzima unaishia juu kidogo, usawa wa pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano inaingia chini ya hapo, pingili ya tatu na ya nne au ya nne na ya tano, sehemu ambayo imebaki maji na mishipa inayoning'inia kama nywele na inakwepa sindano. Maji yenyewe mwilini ni kama mililita 150 na mwili unatengeneza kama 500 kwa siku, wanachovuta ni kidogo, unarudishiwa kabla hujala chakula cha jioni.

Usumbufu wa kweli ni kichwa kuuma baadaye, kile cha ukisimama kinagonga ukilala kinatulia. Na hapo aina ya sindano ina maana sana, zile zenye ncha butu zimeshusha maumivu hayo kutoka kama asilimia 11 mpaka kama 4 ukilinganisha na za ncha kali za zamani. Kwaiyo badala ya kuuliza "nitapooza?" muulize daktari anatumia sindano gani, atakushangaa lakini atakujibu. Ila kama mzee anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, au kuna wasiwasi wa uvimbe kichwani, hapo ni lazima aseme mapema na inawezekana asitobolewe kabisa.

Faida yake ni mbili. Moja, kwenye maji yale amiloidi-42 ya mgonjwa wa Alzheimer ukiilinganisha na amiloidi-40 (ni amiloidi ileile kwa urefu tofauti) inashuka sana, asilimia 40 mpaka 60, mashine haipati shida kuona tofauti. Marekani ilipitisha kipimo cha namna hiyo Mei 2022. Pili, maji yaleyale yanaweza kupimwa kaswende ya ubongo, TB ya utando wa ubongo, fangasi wa kriptokoka, mambo ambayo kwetu yapo na yanatibika. Na kutoa maji ya mgongo ni kazi inayofanyika Afrika Mashariki kila siku kwa wagonjwa wa homa ya uti wa mgongo, ufundi sio mgeni. Kinachokosekana ni kipimo cha amiloidi chenyewe upande wa maabara, na kichupa sahihi. Amiloidi inapenda kunata, ukiiweka kwenye kioo au plastiki ya kawaida inajibandika ukutani alafu mashine inasoma imepungua, mtu mzima anaambiwa mgonjwa kwa sababu ya kichupa. Lazima iwe polipropilini, ile plastiki laini isiyong'aa.

Damu: ndo mwenye harusi

Haya, tumefika. Tarehe 16 Mei 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilikiruhusu kipimo cha kwanza cha damu cha kusaidia kutambua Alzheimer, kinaitwa Lumipulse, cha kampuni ya Fujirebio. Kinapima p-tau217, yani ile tau ikiwa imebandikwa fosfati kwenye nafasi ya 217, na kinaigawa kwa amiloidi-42. Ni kwa watu wa miaka 55 kwenda juu ambao tayari wana dalili. Rudia hapo, tayari wana dalili. Oktoba mwaka huohuo kikaruhusiwa kingine, Elecsys pTau181 cha Roche, hiki kazi yake hasa ni kuondoa wasiwasi kwenye kliniki za kawaida, ukitoka hasi uwezekano mkubwa tatizo la kusahau halitokani na Alzheimer watafute kwingine.

Kwanini p-tau217 na sio amiloidi peke yake? Kwasababu amiloidi ya kwenye damu haitoki ubongoni tu, chembe sahani, zile zinazogandisha damu, na sehemu zingine za mwili zinaitengeneza pia, kwaiyo tofauti kati ya mzima na mgonjwa kwenye damu ni kama asilimia 8 mpaka 15 tu, ni sawa na kusikiliza mtu ananong'ona ukiwa stendi. p-tau217 yenyewe inaweza kupanda mara mbili na zaidi. Ni kidogo mno lakini, tunaongelea pikogramu, gramu moja uigawe mara trilioni, ndo maana miaka ya nyuma mashine zilikuwa hazioni kitu.

Kwenye sampuli 499 walizoangalia FDA, waliotoka chanya asilimia 91.7 kweli walikuwa na amiloidi kwa PET au kwa maji ya mgongo, na waliotoka hasi asilimia 97.3 kweli hawakuwa nayo. Chini ya asilimia 20 majibu yao yalikuwa katikati, sio hapa sio kule. Hilo kundi la katikati ndo watu hawaambiwi kabla ya kulipa. Unatoa damu, unasubiri, unaambiwa "haieleweki", unarudi kwenye mgongo au PET uliyokuwa unaikimbia.

Kuna utafiti wa Sweden wa 2024 ninaoupenda, wagonjwa 1,213 wenye matatizo ya kumbukumbu. Madaktari wa kliniki za kawaida wakitumia maongezi, mitihani ya akili na sitiskani (CT, picha ya kichwa) walipatia Alzheimer kwa asilimia 61, mabingwa wa kumbukumbu asilimia 73, kipimo cha damu chenye p-tau217 asilimia 91. Sio kwamba madaktari ni wabovu, ni kwamba ugonjwa huu unafanana na mingine sana.

Sasa hapa ndo pa kutulia na kalamu. Chukua kipimo kinachopatia asilimia 90 kwa wagonjwa na asilimia 90 kwa wazima. Kipeleke kliniki ya kumbukumbu, watu 100, tuseme 60 kweli wana ugonjwa. Kitakamata 54, na kwenye wale wazima 40 kitakosea 4. Chanya jumla 58, na 54 ni kweli, safi. Chukua kipimo hichohicho kipeleke mtaani kwa watu 100 ambao 10 tu ndo wanao. Kitakamata 9, na kwenye wazima 90 kitakosea 9. Chanya 18, nusu yao uongo. Kipimo ni kilekile! Kilichobadilika ni watu uliowapima. Ndo maana mtu wa miaka 45 anayesahau ufunguo kwasababu ana watoto watatu na kazi mbili, akijilipia kipimo hiki anajinunulia usingizi mbovu.

Na hata chanya ya kweli haimaanishi anaumwa. Watu wa miaka 70 na kitu wenye akili timamu kabisa, kama mmoja kati ya wanne au watano ana amiloidi kichwani na wengine wanakufa kwa mambo mengine ya uzee bila kusahau hata jina la mjukuu.

Alafu kuna figo. Hili ningependa liandikwe kwa wino mwekundu kwetu. Figo zikichoka p-tau inabaki kwenye damu inapanda, mtu anaonekana ana Alzheimer kumbe ni kisukari na presha vilivyokula figo. Wazee wangapi wa kwetu wana presha ya miaka ishirini? Na vile viwango vya "hapa chanya hapa hasi" vimetengenezwa zaidi kwa Wazungu wa Ulaya na Marekani, Mwafrika wa Muheza hayumo. Kwaiyo kreatinini (kipimo cha figo) kwanza, p-tau baadaye.

Turudi kwenye chupa ya chai. Hivi ndo damu ile inavyoenda. Inavutwa kwenye kichupa cha kifuniko cha zambarau, unakipindua polepole kama mara nane mpaka kumi, hukitikisi kama dawa ya mtoto maana seli zinapasuka. Kinazungushwa kwenye mashine mapema, ndani ya masaa machache, plazma, yale maji ya njano ya damu, inapanda juu unaihamishia kwenye kichupa cha polipropilini, alafu friza. Ikichelewa kwenye joto amiloidi-42 inashuka haraka kuliko p-tau217. Sasa kumbuka kipimo kinagawa p-tau kwa amiloidi, cha chini kikipungua jibu linapanda, kwaiyo damu iliyolala kwenye begi inaelekea kusema "mgonjwa" hata kama sio. Nilishawahi kukuta kichupa kimesahaulika mezani usiku kucha sehemu fulani niliyofanya kazi, mzee wa watu ikabidi aitwe tena maili sitini kuja kutoboa mkono upya, na alikasirika kwa haki yake. Hiyo ni kwenye jengo lenye friza kila kona. Chupa ya chai kutoka Muheza mpaka Minneapolis, hapana mdogo wangu.

Bei, damu ni nafuu kuliko PET, ila neno nafuu ni la huku. Kipimo cha damu cha PrecivityAD kilivyoingia sokoni 2020, kabla ya hiki cha FDA, kilikuwa dola 1,250 na wengi walilipa mfukoni.

Vingine vya damu, kwa haraka

Utasikia NfL, ni nyuzi za neva zinazovuja neva zikiumia. Inapanda kwenye ALS (neva za misuli zinakufa), multipo sklerosisi (kinga ya mwili inashambulia neva), kiharusi, hata uzee wenyewe, kwaiyo inasema "kuna kinachobomoka" haisemi nini. Ni nzuri kufuatilia, sio kutaja jina la ugonjwa. GFAP pamoja na UCH-L1 ni protini za ubongo zinazopimwa kwa mtu aliyegonga kichwa, kuna kimashine cha mkononi cha Abbott ambacho tangu 2024 kinatumia damu nzima bila kuzungusha na kinatoa jibu kwa dakika 15, ndani ya saa 24 tangu ajali. Kinaamua kama CT ina haja tu. Mi nikifikiria ajali za bodaboda na umbali wa CT mikoani, hiki ningekichangia hela kabla ya p-tau yoyote. Parkinson (ugonjwa wa kutetemeka) damu bado, anayekuuzia kipimo cha damu cha Parkinson leo mkimbie, kwa huo daktari wa neva na nyundo yake wanatosha.

Kwaiyo nilimwambia nini binamu

Nilimuuliza kwanza, jibu likitoka utafanya nalo nini? Huku watu wanakimbilia kipimo kwasababu ya dawa mpya, lecanemabu ya 2023 na donanemabu ya 2024, dripu kila wiki mbili au kila mwezi, na MRI za mara kwa mara kuangalia ubongo usivimbe wala kuvuja damu. Haziponyi, lecanemabu ilipunguza kasi kwa asilimia 27 kwenye miezi 18. Kwa mtu ambaye atapata hizo dawa, damu kwanza, ikikaa katikati nenda mgongo, PET kama mgongo haiwezekani. Ndo mpangilio wangu na sioni aibu nao. Kwa shangazi ambaye dripu hizo hazipo karibu, pesa ya p-tau ni bora iende kwenye vitu vinavyotibika: vitamini B12, thairoidi, kaswende, VVU, sukari, figo, wingi wa damu, na sitiskani moja kuona hajavujia damu polepole kichwani, maana mwaka fulani alishawahi kuanguka. Vyote hivyo hospitali ya mkoa vinafanyika au vinatumwa karibu.

Na kile cha nne nilichosema. Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti walizunguka nyumba kwa nyumba kati ya 2009 na 2010 wakapata kwamba watu wa miaka 70 na kuendelea, kama asilimia 6.4 wana dimenshia, yani akili na kumbukumbu kupotea kwa ugonjwa. Baadae ukatoka mtihani unaitwa IDEA, alama 15, hauhitaji mtu ajue kusoma. Unaulizwa jina la mwenyekiti wa kijiji, unataja wanyama kwa dakika moja, unakumbuka maneno kumi uliyotajiwa, alafu unapanga njiti za kiberiti kama ulivyoonyeshwa. Kiberiti! PET mamilioni ya shilingi, hiki shilingi mia. Hakisemi ni Alzheimer au la, kinasema huyu kweli ana tatizo au ni uzee na uchovu, na hilo ndo swali la kwanza. Kwetu ambako bibi akitembea usiku hajui aendako kuna watu wanaanza kunong'ona uchawi, karatasi ya daktari inayosema "huyu mama ana ugonjwa wa ubongo" inaweza kumlinda kuliko picha yoyote.

Majibu ya shangazi yalitoka baada ya wiki tatu. B12 ipo chini sana, kisa metformini ya kisukari anayoimeza mwaka wa 14 huu, inajulikana kushusha B12 na hakuna aliyewahi kumpima. Kreatinini iko juu kidogo, kwaiyo p-tau yake ingetuvuruga tu. Kaanza sindano za B12. Chumvi ya uji imeacha, stori bado anarudia ila mara mbili sio tatu, na njia ya sokoni bado hatumwachii peke yake. Miezi sita mbele tutaangalia upya.

Mtihani wa njiti nesi alimfanyia palepale kliniki. Wanyama kataja kumi na moja, mwenyekiti kamtaja na mambo yake yote aliyokula hela za kisima. Zilipofika njiti akazishika akamwangalia yule nesi. "Mwanangu, umeniita hapa kunichezesha na kiberiti? Mpe mwenye jiko." Kazipanga lakini, moja tu ndo imeelekea pembeni.